Safu ya Saba

Daftari la serikali lina safu sita:
tarehe, jina, nambari ya kitambulisho,
uzani, karati, bei.

Babu yangu hakuwa na daftari.
Alikuwa na jiwe la kusugulia dhahabu, chupa ya tindikali,
na kumbukumbu iliyojua kila mkufu wa Kibokoni
umetoka shingo ya nani.
Alikuwa na tanuri pia, nisifiche,
na tanuri haliulizi jina.
Vilikuja usiku vipuli vyenye damu kavu kwenye kulabu,
asubuhi vikawa pete ya bwana harusi.
Kwa hiyo sheria ilipokuja sikuguna.
Niliguna kidogo.

Leseni ya kununua. Leseni ya kuuza. Leseni ya kuyeyusha.
Ukuta wangu umejaa vyeti hadi saa haina pa kutundikwa.
Kila ninachonunua kilale siku kumi na nne
kabla ya kuonja moto,
na bei ya dunia, isiyo na leseni,
hupanda na kushuka itakavyo.
Kantilal wa jirani alichoka, akafunga.
Leo anauza simu kuukuu,
na hakuna anayemuuliza zimetoka wapi.

Ndipo akaja Bi Mwanakombo, Jumatatu, kabla ya adhuhuri.
Akafungua pindo la leso:
rupia kumi na moja za zama za kampuni,
kila moja na mizani imechorwa, na jina la mji wetu,
zimetobolewa juu, zimetungwa uzi,
zimesuguliwa na vifua vya wanawake wanne
hadi mizani imebaki kivuli.
Mjukuu wake amelazwa. Wanataka pesa mbele.

"Kitambulisho, bibi?"
"Kilipotea. Nimeomba kingine, naambiwa ningoje.
Mimi nimezawa papa hapa, babangu amezikwa papa hapa.
Uso wangu huu hukuujua?"

Naujua. Uso wake hauna nambari.

Kununua, siwezi.
Kumkopesha na kushika rehani, hiyo ni leseni nyingine,
ofisi nyingine, foleni nyingine.
Nikavuta droo, nikahesabu elfu ishirini, nikamsukumia.
Akazichukua. Rupia akaziacha juu ya kioo.
"Chukua zako, bibi."
"Sichukui cha bure. Niwekee."

Nikaziwekea kitambaa.

Alhamisi akaingia Bwana Mwambingu,
mtu wa haki, simsingizii; hata chai yangu hanywi.
Akagonga muhuri ubavuni mwa mizani,
akalinganisha daftari na kabati, kipini kwa kipini,
akafika kwenye kitambaa.
"Hizi?"
"Amana."
Akapitisha kidole safu ya kwanza hadi ya sita,
akarudi, akapitisha tena,
kama atafutaye mlango katika ukuta anaouamini.
"Amana imeandikwa wapi?"

Ningemjibu nini?
Kwamba neno hilo lina umri kuliko wizara yake?
Kwamba nalo ni sheria, na adhabu yake haina faini?
Nilitazama chini. Nilikumbuka vipuli vya babu,
na ile damu,
na nikajua anachokiogopa ni kitu cha kweli.

Akazipima. Gramu mia moja ishirini na tano.
Akaandika stakabadhi, nakala tatu,
akanipa ya manjano:
*vitu visivyo na mwenyewe.*

Jumamosi Bi Mwanakombo amerudi.
Mtoto katoka, ashukuriwe Mungu.
Mkononi ana noti, zimekunjwa ndogo ndogo,
nyingine za hamsini, zanuka mafuta ya mahamri,
elfu tatu za kuanzia.

Nimempa karatasi ya manjano. Nimemweleza mara mbili.
Hasomi. Ameigeuza, ameinusa,
ameikunja mara nne,
na kuifunga kwenye pindo la leso,
palepale zilipokuwa rupia,
akakaza fundo kwa meno.

"Basi," akasema, "zipo."

Nimebaki na elfu tatu mkononi
na sijui niziandike safu gani.